WATUMISHI WA NYUMBANI NA WASEME WENYEWE

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Gatuanyaga)



Tumetakiwa tuseme kidogo juu ya vijana wetu wafanyao kazi za nyumbani, na jinsi ya kuwasaidia watoe habari zao katika redio za wananchi. Wengine wamekwisha kuuliza habari ya mashine za kunasa sauti. Mashine ni jambo la mwisho. Msichana hawezi kusema neno lolote asipopewa ruhusa ya kutoka nje ya lango, kwa hiyo shauri letu laanza na siku ya mapumziko.

Vijana hawa mnawajua. Hutoka vijijini humu wakaenda kulea watoto na kufua nguo katika nyumba za Thika na Ruiru. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa kila mfanyakazi walau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, wala haikusema "isipokuwa yaya". Tena yakataza mtoto wa chini ya miaka 13 kuajiriwa kazi yoyote, na mwenye miaka 13 hadi 16 apewe kazi nyepesi tu isiyomzuia masomo. Sheria basi ipo. Lakini mtu wa kiwandani akionewa, wenzake wa zamu wanaona. Huyu huonewa jikoni, na shahidi wake ni masufuria.

Wazee watakumbuka habari za kipande, kilichoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya 1914–1918. Mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni katika kijisanduku cha chuma, na ndani yake mwajiri ndiye aliyeandika: kazi gani, mshahara gani, siku ya kuingia na siku ya kutoka. Mwenye kipande hakuwa na mahali pa kuandika lake. Kipande kimekwisha zamani, lakini kwa mtumishi wa nyumbani desturi ile haijaisha. Hata leo akitafuta kazi, huulizwa bibi wa kwanza alisema nini juu yake, na hakuna amwulizaye yeye bibi yule alikuwaje.

Redio yafaa sana kwa kazi hii. Vijana wa Korogocho walianzisha Koch FM mwaka 2006, na Pamoja FM ya Kibera ikafuata mwaka 2007, na zote zasema mambo ya mitaa yao kwa sauti za watu wa mitaa hiyo. Tena redio hupita langoni bila kupiga hodi. Yaya aliyefungiwa ndani huisikiliza akiosha vyombo, na akisikia mwenzake amenena habari iliyo kama yake, ajua hayuko peke yake.

Hapa tuseme wazi, maana wako watu wema wajao na kamera. Msichana alalaye nyumbani kwa mwajiri akifukuzwa hupoteza kazi na kitanda jioni ileile. Kwa hiyo jina lake lisitajwe, wala la mwajiri, wala mtaa. Akiogopa kujulikana kwa sauti, mwingine amsomee. Habari za watatu au wanne zaweza kuunganishwa ziwe mchezo mfupi. Asikilize kwanza kilichonaswa, na akisema kifutwe, kifutwe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yampa haki ya kuondoa ridhaa yake. Aliye chini ya miaka 18 huhitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. (Hapo pana ugumu, kwa sababu mara nyingine mzazi ndiye apokeaye mshahara.)

Wala tusiwafundishe kulia. Waseme pia ujuzi wao: jinsi ya kumtuliza mtoto mwenye homa usiku, jinsi walivyojifunza kupika chakula wasichokijua. Huko Mwanza, Angela Benedicto, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani tangu utotoni, alikuja kuanzisha shirika la WoteSawa la kuwatetea wenzake. Na huko Geneva mwezi wa Juni 2011, mkutano wa Shirika la Kazi Duniani ulipitisha Mkataba Nambari 189 wa wafanyakazi wa nyumbani kwa kura 396 dhidi ya 16. Watumishi wenyewe walikuwapo wakisema.

Sasa neno gumu. Wako wanachama humu ambao wameajiri msichana. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka shilingi 15,201 kwa mwezi kwa mtumishi wa nyumbani Nairobi, na pungufu ya hiyo mashambani. Kila mmoja na ahesabu alipacho yeye. Twapigania haki kwa wenye viwanda na mashamba; yule aliyebaki na watoto wetu ili tuje mkutanoni leo naye ni mfanyakazi.

Kikao cha kwanza kitakuwa Jumapili alasiri. Simu tatu zenye kunasa sauti zatosha, na akina mama wawili wamekubali kupika chai. Mwenye msichana nyumbani ampe nafasi aje, ampe na nauli, na yeye mwenyewe asimfuate.