Idd Hii, Twende Nyumbani au Tubaki?

Nasaha kwa ndugu wa Muthangari, Nairobi, Julai 2020



Idd-ul-Adha ni Ijumaa, tarehe 31. Tangu njia zifunguliwe Julai 7, kila mtu hapa anauliza nauli ya Mombasa, Garissa, Mumias. Sawa, ruhusa tunayo. Lakini kuruhusiwa si kuamrishwa.

Hebu tufikirie. Misikiti imefunguliwa kwa watu 100, saa moja tu, na aliyepita miaka 58 haingii. Kwa nini? Kumlinda mzee. Sasa mzee huyo tuliyemwambia aswali nyumbani, sisi tumfuate huko huko sebuleni, tukitoka kubanana kwenye basi kutwa nzima? Na tunatoka Nairobi, inayoongoza kwa maambukizi nchini. Corona unaweza kuwa nayo na hujisikii lolote, ukamkabidhi mama pamoja na zawadi.

Sayyidna Umar alifika Sargh, akaambiwa Sham kuna tauni, akarudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu anakimbilia kadari ya Mungu vilevile.

Basi kama safari si ya mgonjwa wala maziko, iahirishe. Ile nauli itume kwa M-Pesa, ichangie kuchinja huko. Piga simu baada ya swala, watoto waongee na nyanya yao. Ukilazimika kwenda, barakoa njia nzima, na mzee msalimie nje, kwa mbali.

Mama atanuna, najua. Wacha anune akiwa mzima. Radhi tutamwomba tukikutana, inshallah.

Idd Mubarak.