Niliyoyaona Malaysia, na Deni Nililorudi Nalo



Ndugu zangu vijana, mama zetu na baba zetu, sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha Ramadhani hii tukiwa na uhai na afya. Nimeombwa nizungumze kuhusu maisha ya ng'ambo. Mimi si shekhe wala mtaalamu. Ni mwanafunzi tu, niliyetoka madrasa Mombasa na begi moja kwenda kusoma biashara Kuala Lumpur. Nitakwambia niliyoyaona, na mwisho nitakwambia aibu yangu mwenyewe.

Mwaka wa kwanza, wallahi, nilidhani nimefika peponi. Adhana kila upande. Chakula kina alama ya halali inayotolewa na JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu. Madukani bei imebandikwa, hakuna cha "ami, nipunguzie". Ramadhani ikiingia, kuanzia kama saa kumi alasiri barabara hujaa meza za futari: murtabak, ambayo ni chapati iliyotiwa nyama na mayai ndani, kuku wa kuchoma wa tui, na vinywaji vya kila rangi. Msikiti wa Kampung Baru hugawa bure uji wa mchele wenye nyama na viungo, waitwao bubur lambuk. Tajiri na maskini wote foleni moja. Nami nilipanga, nikapewa wangu. Nikapiga simu nyumbani: "Mama, Uislamu uko huku!"

Mwaka wa pili nikaanza kuona upande mwengine. Nikitafuta chumba, kwenye simu naambiwa kipo; nikifika, wakishaona sura, kimeshachukuliwa. Yako matangazo ya nyumba yaliyoandika wazi kuwa Waafrika hawatakiwi. Na jana yake tulikuwa bega kwa bega kwenye taraweh! Pale kwenye meza za futari nako, niliona vyakula vikimwagwa usiku. Lakini nisiwasingizie wenzangu: mie mwenyewe kwa njaa ya macho nilikuwa nanunua vitu vitano na kutupa vitatu. Hata hivyo nikageuza maneno: "Hawa ni Waislamu wa jina tu."

Hukumu zote mbili zilikuwa za haraka, ndugu yangu. Nje ya bweni letu alikuwako mama mmoja auza wali wa nazi, nasi lemak, kila asubuhi. Siku moja nilimuuliza pesa zake huziweka wapi. Akanionyesha kitabu cha Tabung Haji. Zamani wazee wa vijijini kule waliuza mashamba na mifugo ili wende Makka, na wengine wakificha pesa nyumbani kwa kuogopa riba. Mwaka 1959 mchumi Ungku Aziz akapendekeza uwepo mfuko wa akiba ya Haji, na mwaka 1963 ukaanza. Watu huweka kidogo kidogo, pesa zikazungushwa katika biashara za halali. Bank Islam ikaja mwaka 1983. Kwetu Kenya, benki za Kiislamu kamili zilifungua milango mwaka 2008. Yule mama alikuwa na nia ya Haji, na nia yake ilikuwa na mpango. Mimi niliyekuwa nikimpima imani, mpango wangu ulikuwa nini?

Sasa aibu yangu. Mwaka huohuo nilikuwa natuma mitandio Mombasa kwa ajili ya Idi. Nilipata mzigo wenye kasoro, nyuzi zimefumuka, kwa bei ya kutupa. Nikamwambia binamu yangu auze kama mali safi. "Iko ndani ya pakiti, nani atafungua?" Siku tatu ikaisha.

Asubuhi ya Idi mama mmoja wa mtaani kwetu akawafungulia binti zake wanne. Hakuja kugomba. Alimuuliza tu binamu yangu: "Yule kijana bado aswali?"

Swali lile lilinikata maini. Nilikuwa nimefunga mwezi mzima, na Surat al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, naijua kwa moyo tangu madrasa. Yule mama nilimrudishia pesa zake na kumuomba radhi. Wengine niliowapata nikawalipa. Lakini wapo nisiowajua mpaka leo. Kama wewe ulinunua mtandio ule, tafadhali njoo, nikulipe hapa duniani.

Basi ndugu zangu, ukienda ng'ambo usiharakishe kusifu wala kulaani. Angalia watu wanavyopanga, uchukue lililo zuri. Na wewe uliyebaki nyumbani na kibanda chako, siku hizi za kumi la mwisho watu wakijaa madukani, kama nguo ina kasoro, mwambie mnunuzi kabla hajatoa pesa. Faida itapungua kweli. Lakini utalala.

Mwenyezi Mungu atutakabalie swaumu zetu na atusaidie kulipa haki za watu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.