Ulinzi wa Wanafunzi ni Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, twajiusia nafsi zetu na twawausia ninyi kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Mji wetu wa Bagamoyo ni mji wa elimu. Shehe Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Shehe Ramiya na aliyefariki mwaka 1931, alisomesha hapa, na wanafunzi walimjia kutoka mbali. Mzazi amtoapo mwanawe nyumbani akamkabidhi kwa mwalimu, huwa ameweka amana. Hata leo, kutoka Bunju na Mapinga hadi Saadani, twaiweka amana hiyo kila asubuhi. Yatupasa tuulize: siku ya hatari, ni nani atakayeulizwa juu yake?

Swali hili limewafika jirani zetu kwa msiba mkubwa. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, watu wanne wenye bunduki waliingia katika chuo kikuu cha Garissa, nchini Kenya. Waliwashambulia wanafunzi Wakristo waliokuwa katika ibada ya asubuhi, wakaingia mabwenini, wakawatenga Waislamu na wasio Waislamu. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Kundi la Al-Shabaab likajitangaza kuwa ndilo lililotenda, na likadai kutenda kwa jina la dini yetu. Dini yetu imeepukana na hayo. Sura ya Al-Maida, katika aya ya 32, yatufunza kwamba kuidhulumu roho moja uhai wake ni mfano wa kuwaangamiza wanadamu wote.

Askari polisi na wanajeshi waliokuwa karibu walikwenda kupambana, na baadhi yao walikufa. Hao twawataja kwa heshima. Lakini kikosi maalumu cha polisi, kilichofunzwa kwa kazi kama hiyo, kilitoka upande wa Nairobi, kikafika Garissa mchana na kuingia mabwenini jioni. Kilipoingia, mapambano hayakuchukua muda mrefu. Basi fikirini, ndugu zetu, zile saa zilizopita kati ya alfajiri na jioni, na wanafunzi waliokuwa wamejificha chini ya vitanda na ndani ya makabati.

Wala kasoro hii si ya nchi maskini peke yake. Tarehe 24 Mei 2022, katika mji wa Uvalde, Marekani, mtu mmoja aliwaua watoto 19 na walimu 2 katika shule ya msingi. Askari 376 walifika mahali hapo, wenye silaha na vyombo. Hata hivyo zilipita dakika 77 kabla ya kumkabili na kumuua. Wazazi walikuwa nje wakiwalilia askari waingie.

Twajifunza nini? Twajifunza kwamba amana ya ulinzi haipimwi kwa wingi wa bunduki, bali kwa kuitimiza kwa wakati wake. Wahenga wamesema, ngojangoja huumiza matumbo. Aliyekubali kuvaa sare na kushika silaha ya umma amekubali kutangulia mbele ya hatari, na mkubwa wake amekubali kutoa amri bila ya kusitasita. Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Cheo hakimwondolei mtu swali hilo, bali hulizidisha.

Lakini polisi hawezi kuwahi pasipo kupewa habari, na mwananchi hatoi habari kwa mtu anayemwogopa. Askari anapomkamata asiye na kosa kwa sababu ya kanzu yake au ndevu zake, huwa ameufunga mdomo wa jirani ambaye kesho angemwonya. Uadilifu wa polisi ni sehemu ya ulinzi.

Nasi tuna sehemu yetu. Mwaka 2019 mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani watu watatu kwa kushiriki katika njama ya Garissa, na mmoja wao alikuwa kijana wa Tanzania. Huyo alikuwa mtoto wa wazazi kama sisi. Basi tuwajue watu wanaowasomesha vijana wetu, na tusinyamaze tuonapo mtoto anavutwa kwenye shari.

Tukumbuke pia Desemba 2015, karibu na Mandera, Kenya, basi liliposhambuliwa na abiria Waislamu wakaamriwa kujitenga na Wakristo, wakakataa. Mwalimu Salah Farah, Muislamu, alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafariki mwezi uliofuata. Hakuwa na sare wala bunduki, lakini alipofikiwa na amana aliitimiza palepale.

Ewe Mola wetu, warehemu waliouawa kwa dhulma, wape subira wazazi wao, uwatie walinzi wetu ushujaa na uadilifu, na uwahifadhi watoto wetu waendapo na warudipo. Amin.