HONDOHONDO: TAZAMA KWANZA, NDIPO USHIKE SHOKA

(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanaushirika, hapa kwetu Usambara Mashariki)



Leo nazungumza juu ya hondohondo. Mtasema, Katibu, nani hamjui hondohondo? Kumsikia tunamsikia, lakini kumtambua sawasawa bado. Mimi mwenyewe nilikosa. Tuliangusha mti mkubwa wa mbao, kibali tunacho mkononi. Ulipolala chini tukaona tundu limezibwa kwa udongo. Ndani mama na kinda lake, wote wamekufa. Mti ule niliuonyesha mimi.

Basi tujifunze.

Kwanza, sikiliza. Akipita juu, mabawa yake yanavuma kwa nguvu. Utamsikia kabla hujamwona.

Pili, tazama. Hondohondo mkubwa ni mweusi, kiunoni mweupe. Dume ana pembe kubwa ya rangi ya maziwa juu ya mdomo. Ya jike ni ndogo. Yupo na ndugu yake mdogo wa umbo: huyo tumbo lake jeupe, na analia kama mtoto mchanga. Tusiwachanganye.

Tatu, chunguza mti. Jike huingia tunduni, dume humletea udongo, jike akaziba mlango mpaka ubaki ufa mwembamba tu. Hukaa humo zaidi ya miezi 3, akiatamia na kulea. Chakula huletwa na dume, anatapika tunda mojamoja na kumpitishia kwenye ufa. Wataalamu walimkadiria dume mmoja matunda 24,000 kwa siku 120! Kwa hiyo kijana, ukimpiga dume kwa manati, umeiacha nyumba nzima na njaa.

Dalili ni hizi: mbegu na vinyesi vingi chini ya mti. Ukiviona, rudi nyuma, kaa kimya, ungoje. Usigonge mti.

Ndege huyu hutupa mbegu mbali, miti ikaota. Miti hiyo ndiyo inayotunza chemchemi zetu na kivuli cha iliki.

Ombi langu ni moja. Kabla ya kukata mti wowote mkubwa, mzee mmoja na kijana mmoja wakae karibu nao asubuhi nzima. Dume akirudi na matunda, tungoje mpaka kinda litoke. Mbao hazikimbii, jamani.



Katibu wa Tawi