Zawadi Aliyoiomba Diwani Wetu



Diwani wetu aliingia mwaka 2015. Mwaka 2025, baraza la madiwani lilipovunjwa kuelekea uchaguzi, alitutangazia kuwa hachukui fomu tena. Tulipomuuliza sababu alicheka: "Miaka kumi inatosha. Niacheni nikalime kabichi."

Tukiri jambo moja. Sisi tuishio mjini tulimpigia simu kwa ada, kwa msiba na kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, na aliposema hana tukamwita mchoyo. Tulisahau kuwa diwani hana fungu la kugawa. Ana posho yake na kiti katika halmashauri. Kiti hicho alikitumia: kila bajeti alisimama kuitetea barabara yetu, na vikao vya kamati ya maendeleo ya kata alivifuata kwa miguu, mlima kwa mlima.

Ametuachia boma la zahanati. Wanakijiji walisomba mawe na mchanga, wakafyatua tofali, kuta zikafika kwenye lenta. Hapo ndipo kazi iliposimama. Masika mbili zimeshazinyeshea, na mama mjamzito bado anateremshwa kwa machela hadi barabarani.

Tulipotaka kumchangia zawadi ya kumuaga, alikataa. Alisema, "Nipeni bati."

Basi ndugu zetu, bahasha ziko mezani. Tumuage kwa bati, na diwani mpya tumpokee kwa kazi iliyokwisha.