Haki za Mtu Aliyekwisha Kutumikia Kifungo Chake

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetuagiza sisi wa ofisi tuseme machache juu ya kanuni moja ya Chama, kabla hoja ya kuibadili haijaletwa mbele yenu. Kanuni yenyewe ni ile isemayo kwamba mtu aliyepata kufungwa gerezani hatapiga kura katika mikutano yetu, hatashika cheo, wala hatakopeshwa fedha. Haiulizi alifungwa kwa kosa gani, wala kwa muda gani, wala ni miaka mingapi imepita tangu afunguliwe. Ada yake, hata hivyo, hupokewa kila mwezi kama ya mwanachama mwingine yeyote.

Mwaka huu maombi mawili ya mkopo yamekataliwa kwa sababu ya kanuni hiyo. Majina hatutayataja, ingawa katika mtaa kama wetu siri hazikai sana. Mmoja ni mama auzaye mboga, aliyefungwa miezi 6 kwa kupika chang'aa wakati mumewe alipokuwa mgonjwa. Wa pili ni seremala, aliyefungwa miaka 2 katika ujana wake kwa kuvunja duka, na tangu atoke imepita miaka zaidi ya 10. Kila tunapofiwa, yeye ndiye aundaye jeneza, na mara nyingi hungoja malipo ya mbao mpaka mchango utakapokwisha kukusanywa. Twamwamini na maiti wetu, lakini hatumwamini na fedha za kununua randa na misumeno.

Yatupasa kwanza kutazama sheria ya nchi yasemaje. Katiba ya Kenya iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010, katika Ibara ya 83, yataka mambo matatu kwa mtu anayetaka kuandikishwa kuwa mpiga kura: awe raia aliye mtu mzima, asiwe ametangazwa kuwa na akili isiyo timamu, na asiwe amepatikana na kosa la uchaguzi katika miaka 5 iliyotangulia. Basi. Wizi hautajwi, wala pombe haramu, wala kupigana. Hata yule atakaye kugombea kiti cha Bunge, Ibara ya 99 humzuia kwa kifungo ikiwa wakati ule bado anatumikia hukumu ya miezi 6 au zaidi na njia zote za rufani zimekwisha. Akiisha kuitumikia, kifungo peke yake si kizuizi tena, ila kwa wale walioonekana kuyatumia vibaya madaraka ya umma, ambao wamewekewa neno lao mbali.

Na wafungwa wenyewe je? Wengi wetu hatukuwa na habari kwamba mfungwa aweza kupiga kura. Mwezi wa Juni 2010, katika shauri lililohusu wafungwa wa Shimo la Tewa, Mombasa, mahakama maalumu iliyoundwa kukata mabishano ya katiba iliamua kwamba wafungwa wana haki ya kupiga kura ya maoni, nao wakaipiga tarehe 4 Agosti mwaka ule. Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 8 Agosti 2017 walimpigia kura Rais wakiwa magerezani, na mwaka 2022 wakafanya vivyo hivyo.

Basi mambo yamekuwa hivi: mtu aliye bado ndani ya lango la gereza aweza kumchagua Rais wa Jamhuri, lakini seremala wetu, aliye nyumbani kwake na watoto wake, hawezi kumchagua mtunza hazina wa chama cha kuzikana.

Kanuni hii haikutungwa kwa ubaya. Wazee waliiandika baada ya fedha za Chama kupotea, nao walitaka kuweka kufuli mlangoni. Lakini tumezisoma kumbukumbu za mikutano ya wakati ule, na aliyezipoteza fedha zile hakuwa amelala gerezani hata usiku mmoja. Mlango uliotiwa kufuli haukuwa ule alioingilia mwizi.

Tena twaombwa tukumbuke nchi hii ilikotoka. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kushikwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alilazimishwa kuchukua kipande. Bwana mwajiri alitia sahihi yake humo, na asiyetiwa sahihi hakuweza kuandikwa kazi kwingine. Kutembea bila kipande lilikuwa kosa la jinai, na watu wengi waliliona gereza kwa kosa hilo tu, mpaka sheria ile ilipoondolewa mwaka 1947. Kanuni yetu, ikisomwa neno kwa neno, ingaliwatenga hao wote, na katika hao wamo baba na babu zetu.

Mzee Jomo Kenyatta mwenyewe alihukumiwa Kapenguria tarehe 8 Aprili 1953 kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Alipoachiliwa mwaka 1961 alikuta sheria ikimzuia mtu aliyefungwa kifungo kirefu kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Ilibidi sheria hiyo ibadilishwe kwanza, ndipo Bwana Kariuki Njiiri akamwachia kiti chake, na Januari 1962 Mzee akaingia Barazani. Tarehe 1 Juni 1963 akawa Waziri Mkuu.

Jambo jingine lilitokea mwaka 1975. Mahakama ilimwona waziri Paul Ngei kuwa na kosa la uchaguzi, na kwa sheria iliyokuwapo ilimpasa akae nje ya uchaguzi miaka 5. Katika mwaka ule ule Bunge lilibadili Katiba ili Rais apate uwezo wa kumwondolea mtu kizuizi cha namna hiyo, naye Ngei akasamehewa, akarudi Bungeni. Hatusemi neno juu ya marehemu. Twaona tu kwamba palipokuwa na mkubwa aliyehitaji mlango, mlango ulichongwa upesi. Mama wa mboga hana Bunge la kumchongea mlango. Ana mkutano huu.

Katika Halmashauri yalitolewa maneno ya kupinga, na ni haki yasikiwe. Mzee mmoja aliuliza: na yule aliyeibiwa je? Duka lilipovunjwa, mwenye duka alirudishiwa nini? Swali hili lilitunyamazisha kwa kitambo. Kifungo humlipa nani? Serikali humshika mtu miaka 2, humlisha, humfanyisha kazi, kisha humfungulia. Mwenye duka hapati hata msumari. Desturi za wazee wetu zilikuwa na fidia, na aliyekosa alikaa uso kwa uso na aliyekosewa. Kwa hiyo hoja yetu yasema kwamba, ikiwa aliyekosewa ni mwanachama au ni jirani, wazee watatu watawaita wote wawili kabla mkopo haujatolewa, na maneno ya aliyekosewa yataandikwa. Hatuoni kuwa aweza kumfungia mwenzake maisha, lakini asikiwe.

Mwingine alihofia fedha, nasi twamkubali kwa sehemu. Aliyefungwa kwa kuiba fedha alizokabidhiwa asishike hazina mpaka ipite miaka 5 tangu afunguliwe. Ndiyo miaka ambayo Katiba yenyewe huiweka kwa makosa ya uchaguzi. Na aliyehukumiwa kwa kumdhuru mtoto asiwekwe katika kamati ya karo wala katika kazi yoyote ya watoto wetu. Hilo halina miaka.

Lakini kura ni jambo jingine. Mwenye kutoa ada na apige kura.

Kuna na hati ile iitwayo cheti cha tabia njema, ambayo Halmashauri imekuwa ikimtaka kila mwombaji mkopo ailete. Hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai baada ya mtu kuchukuliwa alama za vidole, na ada yake haipungui shilingi 1,000. Jina lake ni kubwa kuliko kazi yake, kwani hati hiyo haijui tabia ya mtu; yajua kama vidole vyake vimo katika daftari la waliohukumiwa. Mlevi apigaye mkewe kila Jumamosi, asiyeshtakiwa kamwe, huipata ikiwa safi. Twapendekeza mahali pake pachukuliwe na barua ya wanachama wawili waliomjua mwombaji kwa miaka 3.

Wako pia wenzetu waliotoka gerezani na ambao hawajajiandikisha kupiga kura kwa kudhani wamekatazwa. Waambieni hawakukatazwa, ila kwa kosa la uchaguzi kama tulivyosema. Wasio na kitambulisho, kwa kuwa kilipotea walipokamatwa, na waje ofisini siku ya Jumanne au Alhamisi, tuwasaidie kuijaza fomu ya kuomba kingine. Na mwenye ndugu aliye bado gerezani ajue kwamba Ibara ya 133 humruhusu mtu yeyote kumwomba Rais msamaha kwa njia ya Kamati ya Ushauri. Ombi huandikwa, nasi tu tayari kuliandika bila malipo.

Hoja itasomwa baada ya chai, na kura itakuwa ya siri. Kwa kanuni zilizopo yahitajiwa theluthi mbili ya wanachama waliohudhuria, na wale wawili, kwa kanuni hizo hizo, watangoja nje. Maombi yao hatukuyatupa. Yamo katika faili ya mwaka huu pamoja na risiti zao za ada, na hoja ikipita yatafunguliwa Jumatatu asubuhi.