Vitabu vya Parokia na Masaa ya Kuvifungua
Maneno ya Komiti ya parokia siku ya Jubilei

Baba Paroko, Mapadri, Masista, Wakatekista, wazee wetu, nanyi ndugu wapenzi,

Leo tumewakumbuka waliotutangulia katika imani. Majina yao yaliyosomwa Misani tuliyatoa wapi? Tuliyatoa katika biro ya parokia: katika kitabu cha wabatizwa, cha ndoa na cha wafu. Juu ya vitabu hivyo, na juu ya masaa ya kuvifungua, tunataka kusema machache.

Desturi hii ni ya zamani. Mtaguso wa Trento uliagiza katika mwaka wa 1563 kwamba kila paroko awe na kitabu cha kuandikia ndoa. Wamisionari walipofika kwetu walikuja na desturi hiyo. Katika mstari mmoja tunasoma jina la mtoto, la baba na la mama, la msimamizi wake, na siku ya ubatizo. Pembeni kipaimara na ndoa. Kwa wazee wengi ambao serikali haikuwaandika walipozaliwa, mstari huo ndio ushuhuda pekee wa ukoo wao.

Sasa tuungame kosa letu. Mama mmoja mzee alitembea siku mbili kwa miguu, akitafuta habari za mama yake mzazi, aliyefariki yeye akiwa angali mchanga. Alikuta mlango umefungwa: sekretere alikuwa shambani pamoja na ufunguo. Alirudi mara ya pili: Paroko alikuwa safarini vijijini. Mara ya tatu tukamfungulia, na robo saa ilitosha. Katika kitabu cha ndoa alikuta jina la mama yake, na majina ya babu na nyanya ambao hakuwajua kamwe. Alilia, nasi tukaona haya. Kitabu hakikupotea, tulichokosa ni saa iliyojulikana.

Hata huko Ubelgiji jambo hili limewagusa wengi. Wakati wa ukoloni, watoto waliozaliwa na baba Mzungu na mama Mwafrika walinyang'anywa mama zao, wengi wakapelekwa katika misioni. Bunge la Ubelgiji liliomba katika mwaka wa 2018 wafunguliwe hati zinazowahusu, na tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel akawaomba radhi. Wao ni wazee sasa. Akija mmoja wao hapa kutafuta jina la mama yake, je, atakuta kufuli?

Sheria ya Eklezya ya mwaka wa 1983, kanuni 487, inampa kila mtu haki ya kupata nakala ya hati zinazohusu hali yake mwenyewe, zile zisizo za siri. Lakini haki hiyo ina faida gani, ikiwa hakuna ajuaye mlango unafunguliwa lini?

Kwa hiyo, pamoja na Baba Paroko, tumekata shauri hivi. Biro ya vitabu itafunguliwa siku ya pili na siku ya tano, tangu saa mbili ya asubuhi hadi saa sita. Tena siku ya Mungu, nyuma ya Misa ya kwanza, kwa ajili ya wanaotoka mbali. Ufunguo wa pili utakaa kwa Masista. Siku ya kufunga itatangazwa Misani juma linalotangulia.

Vitabu havitatoka nje ya biro. Sekretere ndiye atakayefunua kurasa, kwa sababu kuna mistari inayoweza kuaibisha nyumba ya mwingine. Tena, kitabu kikiwa kimeungua au kuibwa, msikate tamaa: sheria ya mwaka wa 1917 iliagiza nakala ipelekwe kwa Askofu kila mwisho wa mwaka. Tutawaandikia barua ya kwenda nayo kuuliza huko.

Ndugu wapenzi, wazee wetu waliandika kwa uaminifu, wengine kwa mwanga wa taa ya mafuta. Sisi tunaombwa neno dogo tu: kufika kwa saa tuliyoahidi.

Tumsifu Yezu Kristu!